Dada Mkato, Msahihishaji Aliyekimbiwa na Usingizi

Ifikapo tarehe 30 Juni, msahihishaji wetu mkuu ataiweka chini kalamu yake nyekundu baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda hiki cha uchapaji. Sote tunamwita Dada Mkato, na wageni wengi hudhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata mwaka wake wa pili kazini, alipomsimamisha mpiga chapa, mashine ikiwa tayari inanguruma, kwa ajili ya mkato mmoja uliokosekana kwenye kadi ya harusi.

Aliajiriwa kama mpiga taipu, kisha akahamishiwa usahihishaji. Enzi hizo chumba cha wasahihishaji kilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya mashine kubwa, na ukitoka humo jioni masikio yanalia mpaka unafika nyumbani. Humo ndimo alimoiokoa ratiba ya sherehe moja ya shule. Watu watano walikuwa wameisoma na kuipitisha, nayo ilisema kwamba baada ya hotuba mgeni rasmi atapanda mtu. Dada Mkato akamgeuza mtu kuwa mti, akarudi kwenye chai yake. Tulicheka wiki nzima.

Sehemu inayofuata ametaka mwenyewe iandikwe bila kuzungushwa.

Miaka sita iliyopita alianza kusinzia. Ikifika saa nane mchana, kichwa kinaanguka juu ya prufu, zile karatasi za majaribio anazozisahihisha. Vijana wa mashine wakaanza kunong'ona kwamba Dada siku hizi anapiga chupa. Mimi, mkuu wa kitengo chake, sikumuuliza kitu. Niliandika barua kwa meneja kwamba analala kazini. Alipoitwa ajieleze alisema tu, "Mchana usingizi unanibeba, usiku macho makavu. Sijui nimepatwa na nini." Hatukumwelewa. Kwa aibu, akapitia duka la dawa, akanunua vidonge vya usingizi.

Kesho yake nilimkabidhi prufu za kalenda. Alama zake, ambazo miaka yote zilinyooka kama zimepigwa kwa rula, zilikuwa zinapanda na kushuka kama njia ya siafu.

"Dada, vipi?" nikamuuliza.

Akaniuliza kama leo ni Jumapili. Ilikuwa Jumatano. Nikaita gari la kiwanda.

Mumewe, dereva mstaafu wa malori, alinikuta kwenye benchi la hospitali, akataka tuingie pamoja kwa daktari. Tukaelezwa kwamba ini la Dada lilikuwa limejaa makovu. Hayakuletwa na pombe, bali na homa ya ini aliyoipata zamani bila kujua. Ini likishindwa kuchuja sumu, sumu hupanda kichwani, na mara nyingi usingizi ndio hutangulia kuvurugika.

"Mliona mvivu, kumbe ni mgonjwa," daktari alisema. "Na vile vidonge nusura vimwondoe."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Alilazwa siku tisa. Alipotoka, niliiomba barua yangu kwa meneja, nikaichana, nikaenda kwake kumtaka radhi. Hakunisimanga. "Yameisha, kaka," alisema. "We nirudishie kazi yangu."

Basi tukaipanga kazi upya. Akawa anaingia saa moja asubuhi na kutoka saa saba mchana, meza yake ikiwa dirishani upande linakochomoza jua, maana daktari alisema mwanga wa asubuhi utaukumbusha mwili kwamba kumekucha. Saa nne na nusu hujinyoosha kwenye kochi la stoo ya karatasi nusu saa, wala haizidi hapo. Ana dawa tamu ya maji inayompeleka chooni mara mbili tatu kwa siku ili sumu itoke, na akishika njia ya choo, hakuna anayethubutu kumtangulia. Dawa ya kupunguza maji mwilini huimeza asubuhi, isije ikamwamsha usiku. Mwasho wa ngozi unaoletwa na ini huupoza kwa maji baridi kabla ya kulala, na haweki kichwa kwenye mto bila kula kitu kidogo. Usingizi ukigoma hagombani nao: huinuka, akakunja nguo mpaka macho yawe mazito.

Tena kila asubuhi huandika sentensi moja kwenye daftari, na mumewe huulinganisha mwandiko na wa jana. Ukiyumba, ni hospitali, hakuna mjadala. Umeyumba mara mbili, na mara zote mbili wakawahi. "Miaka thelathini nilitafuta cha kuniweka macho barabarani," mzee hutuambia, "uzeeni natafuta cha kumlaza mke!"

Hakupona, na hajawahi kumdanganya mtu kwamba amepona. Zipo wiki ambazo hufika amechoka hata kabla ya kukaa. Ila katika saa zile sita amewafundisha kazi wasahihishaji watatu, na wote watatu hawaniogopi mimi, wanamwogopa yeye.

Kibanda cha mbao kilishavunjwa, mashine kubwa ikauzwa vyuma chakavu, na wengi wa tulioanza nao wametawanyika. Yeye ndiye aliyebaki akikumbuka nani alikaa wapi, nani alipenda chai ya rangi, na nani aliimba mashine ikizimwa. Akiondoka, sijui tutamuuliza nani.

Dada Mkato, ahsante kwa jicho lako, na kwa moyo wako ambao ni mpana kuliko tulivyostahili. Nenda ukapumzike na mzee wako. Siku zako ziwe nyingi, dawa zikupende, na usingizi uje wenyewe bila kubembelezwa. Na ukikuelemea saa nne asubuhi, lala, dada yetu. Hakuna wa kukuandikia barua.