Daftari la Mwisho la Mzee Sifuri

Wasikilizaji wapendwa, naapa kwa masikio yangu yote mawili: haya ni kweli tupu. Leo tunamkumbuka Mzee Sifuri, mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na mmoja.

Chuo kilimpa ofisi ubavuni mwa choo. Ukuta ulitoka jasho la njano. Mende walinenepa hadi wakawa wanakohoa ukiwapita bila salamu. Humo ndimo alimowazia nafasi zenye pande zisizo na mwisho.

Nikamuuliza ndiyo madude gani hayo. Akasema, "Chukua foleni isiyo na mwisho. Wa kwanza mhesabu sifuri, kama hayupo. Wengine wasogee hatua moja. Foleni imepungua?"

Haikupungua. Basi akashikilia kwamba nafasi zote za aina hiyo ziko hivyo: ukiubana upande mmoja ukawa sifuri, kinachobaki kinalingana na kizima. Zote. Wenzake walimcheka.

Alipofariki, binti yake alilitafuta daftari la mwisho. Alitaka kujua jambo moja tu: baba alikufa akiwa amepatia, au amekosea?

Daftari halikuonekana. Ninavyojua mimi, na hapa kinyaa kinanikaba, karatasi yake ilifungiwa samaki wa kukaanga. Mafuta juu ya hesabu za marehemu. Miiba imelala juu ya alama za kujumlisha. Aliyefanya hivyo nilimwona: jitu la futi nane, linanuka kwapa, linafuta vidole kwa ukurasa huku linacheua.

Binti yuko nami hapa studio. Ananitazama.

"Baba mdogo, mbona mkoba wako ndio unaonuka samaki?"

Haya. Ni mimi. Nilisaidia kuhamisha vitu vya ofisi yake, nikalichukua daftari, njaa ikanizidi. Nikajitetea: nimechana karatasi moja tu, na baba yako mwenyewe alisema ukiondoa kimoja kinabaki kilekile.

"Alisema isiyo na mwisho. Daftari lina karatasi tisini na sita."

Nimelitoa daftari mkobani, pamoja na karatasi ya samaki. Karatasi iliyochanwa inasomeka kupitia mafuta: "Si zote. Nilidhani kila nafasi hupangika kama foleni. Nimekosea, na nimefurahi kujua."

Binti ameikunja, ameiweka kifuani na mafuta yake. Hajanisamehe. Nitanakili tisini na tano zilizobaki kwa mkono, vidole vimeoshwa, yeye akisimamia.

Poleni sana, familia ya mwalimu. Nawe msikilizaji, kabla hujafungia chakula, isome kwanza hiyo karatasi.