Bodi Iende Ikachague Wenzake

Kijiwe chetu ni benchi moja ya mbao nje ya duka la kurekebisha saa, nyuma ya posta ya Eldoret, na duka ni langu, kwa hivyo nasema ninachokijua. Wananiita Dakika kwa sababu kila mteja namwambia angoje dakika moja. Ubavuni mwa benchi Mwihaki huweka jiko na birika la kahawa ya tangawizi, na kwenye veranda hiyo hiyo Sarah Jepkemboi, Madam Taipu, ana meza yake na taipureta ya chuma nzito kama kinu. Asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini baridi iliuma masikio, na ajabu ni kwamba hakuna aliyetaja mahindi wala mpira. Katikati ya benchi, juu ya suruali ya trakisuti iliyokunjwa, ililala bodi ya kompyuta, kijani kibichi, na sisi tumeizunguka kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga.

Bodi ilitoka Marekani ndani ya begi la Kipngetich, mpwa wake Sarah, mwanariadha wa chuo fulani huko. Tunamwita Majuu. Sarah alitaka kuiundia bodi hiyo kompyuta nzima, kwa sababu mwalimu mkuu wa shule moja ya Plateau alimwambia wazi: kuanzia muhula ujao mitihani yake itachapwa na mwenye kompyuta. Bila mitihani hiyo, kodi ya veranda ingemshinda. Na Murunga, dereva wa lori la mahindi, alikuwa akishuka Nairobi asubuhi hiyo hiyo kuleta vilivyobaki. Ilibidi yote yaamuliwe kabla hajamaliza kikombe chake.

— Auntie, bodi ndio hii, — Majuu akaanza. — Imebaki sanduku, pawa ya kuleta stima, kibodi, kadi ya picha na kioo cha kutazamia. Lakini si kila kitu inaingia. Lazima zikubaliane.

— Zikubaliane? Kwani ni ndoa? — akauliza Spea. Huyu ni Ephantus, muuza spea za Peugeot na trakta ng'ambo ya barabara. — Kwangu mtu anakuja na spea ya zamani kwa mkono, anaweka kwa kaunta, tunapima, kwisha. Ikikataa tunaipiga tupa kidogo.

— Hii ukiipiga tupa imekufa.

— Hata giaboksi walikuwa wanasema hivyo.

— Hii bodi inaitwa aje kwa Kizungu? — akauliza Mwihaki, akimimina.

— Motherboard. Bodi mama.

— Ndio hiyo! — Profesa akaruka. — Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!

Hakuna aliyeelewa methali hiyo imeingilia mlango gani, lakini tulipiga makofi. Profesa ni Joash, karani mstaafu wa reli, msomaji wa gazeti kutoka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo.

— Sasa nisikizeni, — akaendelea, makofi yakiwa yamempanda kichwani. — Ya kwanza ni stima. Stima ya Marekani ni nusu ya yetu. Ukileta pawa ya huko uichomeke hapa, utasikia pu! Halafu moshi.

— Hapo umesema kweli, Mzee, — Majuu akakubali. — Pawa inunuliwe Nairobi. Na iwe na plagi mbili za kuingia kwa bodi. Nyaya nyeusi zikae pamoja katikati. Ukizigeuza, bodi inaungua.

— Nyeusi katikati, — Murunga akarudia, amefumba macho. Murunga haandiki kitu. Huagizwa dawa za ng'ombe, miwani, hata gauni la harusi, na hajawahi kuleta kisichoagizwa.

— Kibodi nayo ni aina mbili. Plagi ni ile ile ya mviringo, inaingia vizuri kabisa, lakini ile ya zamani na hii bodi hazielewani.

— Kama mimi na mama mkwe, — Spea akasema. — Mlango tunaingia mmoja na hatuongei.

— Kibodi ya aina mpya, — Murunga akameza hilo pia.

— Na mashine ya kuweka diski? — Sarah akauliza. — Nimesikia wengine wanaweka mbili.

— Moja! — Spea akapiga benchi. — Fahali wawili hawakai zizi moja.

— Na kumbukumbu?

— Megabaiti moja, Auntie. Mbili ikiwezekana.

Profesa akatazama barabarani, kisha akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kikombe.

— Moja. Hata nusu, kama wanauza nusu. Kompyuta ikikumbuka sana ni hatari. Leo umemwandikia mtu barua, keshokutwa wanakuja watu wa suti, wanaikalisha chini, wanaiuliza maswali, na inataja kila jina. Taipureta haijawahi kuitwa kutoa ushahidi.

— Profesa, kahawa inapoa, — Mwihaki akamkata upesi. Siku hizo kila benchi ilikuwa na masikio yasiyonunua kahawa. Spea akasema kwa sauti kubwa, ya kusikika hadi posta, kwamba yeye kadi yake ya chama tawala ameilipia.

Kilichobaki ni kioo, na hapo ndipo kijiwe kilipopata wazimu.

— Kuna kioo cha rangi na kuna cha rangi moja, — Majuu akaeleza. — Kila kimoja na kadi yake. Ukichanganya, unaweza kukaa ukiangalia giza. Na pesa ya Auntie inatosha kioo kimoja na kadi moja.

— Rangi! — Spea.

— Rangi, — Profesa. — Mwalimu mkuu akiona rangi ataleta na mitihani ya wilaya nzima.

— Itaonyesha makosa kwa nyekundu.

— Itayasahihisha yenyewe! Wanafunzi watapita wote!

Hata mimi, mtu mzima, nilisimama nikasema kwamba kikiwa cha rangi tutaketi hapa tuone riadha moja kwa moja, tumwone Majuu mwenyewe akishinda. Majuu akacheka. Sarah hakucheka.

— Lakini mtihani si ni mweusi kwa karatasi nyeupe? — akauliza.

Hakuna aliyemsikia. Tulikuwa tayari tunaimba rangi, rangi, na Mwihaki anapiga birika kwa kijiko. Mtu akizungukwa na furaha namna ile atafanya nini? Sarah akainua mikono.

— Haya. Rangi.

Murunga akayarudia yote bila kukosea: sanduku, pawa ya huku, nyeusi katikati, kibodi ya aina mpya, ya diski moja, megabaiti moja, kioo cha rangi na kadi yake. Akabugia kahawa ya mwisho, akaenda. Tulisikia lori likikohoa kuelekea barabara kuu, na tukapeana mikono kana kwamba tumefunga bao.

Ndipo akaja Mama Jeruto kutoka Langas, gumboti zimejaa matope, mkononi barua aliyoiandika kwa kalamu, ya kuomba mwanawe arudishwe shule. Alitaka ichapwe.

— Mama, umekosea siku! — Profesa akampokea. — Ungengoja wiki ijayo ungeandikiwa kwa kompyuta. Kwa kioo! Kwa rangi!

Mama Jeruto akaitazama bodi, akatutazama sisi.

— Ni vizuri. Na ikishaandikwa kwa hiyo kioo, mimi nitabeba nini nipelekee hedimasta?

Profesa akavua miwani akaifuta kwa tai. Sarah alimgeukia mpwa wake polepole.

— Kipngetich. Huko chuo, karatasi inatoka wapi?

— Dirishani, — Majuu akasema. — Tunaandika, halafu tunaenda dirishani, kuna mama anatupatia... Uuui, Auntie! Printa! Iko printa ndani huko! Sikuwahi kuiona!

Sisi je? Maisha yetu yote mashine ya kuandika ndiyo hiyo hiyo ya kutoa karatasi. Hakuna aliyewahi kuona herufi ikikaa mahali bila karatasi.

— Rangi itoke, — Sarah akasema. — Kioo cha bei ndogo, na printa. Kimbia.

Tulikuwa tumesimuliwa mbio za Majuu mpaka tukachoka nazo, na wengine tulikuwa tumeanza kuzitilia shaka. Nawaambia, kijana alitoka pale na viatu vya ngozi, na alipofika kona ya posta viatu vilikuwa vimebaki njiani, soksi tu ndizo tulizoziona. Nilipiga kelele mpaka koo likauma.

Sarah hakutazama. Aliingiza karatasi kwenye taipureta akachapa barua ya Mama Jeruto, kengele ikalia mwisho wa kila mstari, na karatasi ikapanda juu kidogo kidogo. Tuliitazama sote. Alipoichomoa, Mama Jeruto aliipuliza, akaikunja.

Majuu akarudi akitembea, hata hahemi.

— Nimempata kwa petroli stesheni, anatia dizeli. Anangoja. Murunga anauliza, printa ya aina gani? Na inaingia wapi kwa bodi?

Tukaanza kujibu wote kwa pamoja. Spea alikuwa na jibu, Profesa alikuwa na matatu.

— Nyamazeni! — Sarah akasema. — Spea, mteja akija kwako anakuja na nini kwa mkono?

— Spea ya zamani, — Spea akajibu kwa unyenyekevu.

— Basi.

Akaifunga bodi ndani ya ile trakisuti, akaikumbatia kifuani, akachukua koti na kibeti chake.

— Bodi iende ikachague wenzake. Na mimi naenda nayo. Kipngetich, linda meza.

Akaondoka kwa hatua za mtu anayejua aendako, hakugeuka nyuma.

Mama Jeruto akamlipa Majuu, akaiweka barua kifuani. Akatuangalia mmoja mmoja, si kwa ubaya, kwa kutaka tu kujua.

— Na nyinyi baba zangu, — akauliza, — hapa huwa mnafanya kazi gani?

Sote tukamnyoshea Mwihaki vikombe. Mwihaki akainua birika, akalitikisa, akalipindua. Halikutoa hata tone.