Gauni la Shangazi Lipo au Halipo?

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni tofali. Anayekaa upande wa tofali anajua kwamba wenzake wakicheka kwa nguvu, yeye ndiye wa kwanza kwenda chini. Asubuhi hiyo upande huo alikaa Injinia, kompyuta magotini, kahawa imempoa pembeni, jasho linamtoka na jua lenyewe bado la upole. Msidhani ni injinia wa madaraja. Anatengeneza tovuti, na cheo hicho alipewa na benchi siku alipofufua simu ya Kinyozi iliyotumbukia kwenye ndoo. Dada yake ni fundi wa nguo, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, na kwa miaka kumi na mmoja ameshona sare za shule mpaka akiona kitambaa cha bluu anapiga miayo. Anachotaka ni magauni ya harusi. Alishona matatu ya mfano, akayapiga picha, mdogo wake akamtengenezea tovuti, na jana linki ya ukurasa wa Bibi Harusi ikatumwa kwa shangazi wa binti mmoja anayeolewa hivi karibuni. Leo saa tano ukoo mzima wa binti ungekaa sebuleni kuifungua, kisha waamue: washonewe na Dada, au na yule fundi wa barabara kuu mwenye vioo dukani. Sasa ilikuwa saa nne na robo, na linki ilikuwa haifunguki.

— Nimejaribu tena, alisema Kinyozi, simu mkono mmoja, kitana mkono wa pili. — Inasema, "Ukurasa haupo. Mia nne na nne."

— Mbona mimi nayaona magauni? Mama Kahawa aliweka birika chini akasogeza simu yake. — Hili hapa la mikono mirefu. Hili hapa lenye mkia.

— Wewe umeingiaje?

— Kama mtu mwenye adabu zake. Nimeingia kwa mbele, nimezipita sare za shule, nikabonyeza Magauni, nikabonyeza Bibi Harusi. Yakaja.

— Hebu uvute ukurasa chini ujipakie upya, alisema Injinia, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu na halitaki.

Mama Kahawa akavuta. Magauni yakatoweka.

— Mama yangu! Nimeyaua!

— Hujayaua, Mama. Ni hivyo hivyo tangu alfajiri. Ukiingia kwa mbele yapo. Ukija na linki moja kwa moja, hayapo.

— Basi waambie hao watu wa binti waingie kwa mbele.

— Dada hataki wakutane na sare kwanza. Amesema wakiona kaptura za bluu tu, watafunga simu.

Injinia alitazama ng'ambo. Dada alikuwa amejifungia na cherehani yake, akishona kwa kasi ili asifikiri. Huyu ndiye aliyemlea. Alimlaza juu ya marobota ya vitambaa, akamwachia taa ya kibandani ajifunzie kompyuta. Na jana, alipomuuliza kama kila kitu kiko sawa, Injinia alimjibu, "Dada, wewe kalale usingizi." Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa ya mtoto aliyevunja sahani.

— Mimi nimeshaelewa, alisema Kinyozi. — Hiyo mia nne na nne ni namba ya chumba. Ukurasa umehamishwa. Mkauulizie huko.

— Chumba cha wapi?

— Si huko huko kwenye intaneti? Kwani intaneti ni kibanda?

Mama Kahawa alitikisa kichwa. — Hiyo kompyuta inayoitunza tovuti iko wapi?

— Ng'ambo ya bahari.

— Huko sasa hivi ni usiku. Mwenye zamu kalala.

— Kama kalala, mbona sare zinafunguka?

— Sare ni za watoto. Umeona wapi watoto wakalala mapema?

Kinyozi aliona amezidiwa, akaongeza dau.

— Sikilizeni, huu ni mkono wa mtu. Yule wa barabara kuu ametuma kijana wake aingie humo ndani na mkasi. Kaukata ukurasa wa Bibi Harusi tu, sare kaziacha. Mwizi angebeba zote!

— Si mkasi wala nini, alisema Mama Kahawa, macho yakimng'aa. — Ukurasa una haya. Miaka yote umezoea kaptura, leo umevalishwa shela, unatazamwa na wakwe. Ukiingia taratibu kwa mbele unajiandaa. Ukiuvamia ghafla, unajificha. Huu unataka kubembelezwa.

— Unabembelezwaje?

Mama Kahawa alisafisha koo. Aliinua simu mbele ya uso wake akaipigia kigelegele kirefu, hata mwendesha baiskeli akashusha mguu kutazama. Kinyozi naye akadakia kwa makofi. Mteja wake, aliyenyolewa nusu kichwa, akachungulia dirishani akauliza nani anaolewa.

— Bado haifunguki, alisema Kinyozi baada ya kujaribu. — Wahenga walisema...

— Wahenga hawakuwa na bando, Injinia alimkatiza. — Jamani, saa nne na dakika ishirini na tano!

Hapo ndipo Mzee Geti alipofungua macho. Yeye hukaa upande wa ukutani, kofia imemfunika uso, na wote hudhani amelala. Alilinda geti la kiwanda cha nguo miaka ishirini na saba, na mpaka leo mtu akipita mbele yake anamtazama mifukoni.

— Huyo anayesema "haupo" ni nani?

— Ni seva, Mzee. Ndiyo kompyuta yenyewe inayopokea watu.

— Kazi yake?

— Mtu akija na anwani, inatazama kama hilo faili lipo kwenye folda. Likiwapo inampa.

— Kumbe ana orodha. Na humo kwenye orodha pameandikwa Bibi Harusi?

Injinia aliivuta kompyuta karibu. Aliifungua ile folda, ingawa yaliyomo aliyajua kama vidole vyake. Ukurasa mmoja wa mbele. Picha. Na programu moja iliyofungwa kama furushi.

— Hapana, alisema polepole. — Ukurasa ni mmoja tu, Mzee. Ukishaingia, programu ndiyo inayobadilisha unachokiona, na anwani pale juu inaiandika yenyewe. Bibi Harusi hana faili.

— Mmeona? Mzee Geti alipiga fimbo chini. — Mlinzi wa watu mnamsingizia toka asubuhi! Mkasi! Usingizi! Mimi alinijia mtu getini akasema, namtaka Bwana Mabaka. Natazama orodha, hakuna Bwana Mabaka. Nikamrudisha. Kesho yake nikaitwa ofisini. Kumbe ni jina walilompa mpishi wa rangi huko ndani! Walio ndani wanalijua. Mimi wa nje nilijulie wapi?

— Lakini nyumbani kwangu linki ilifunguka. Niliijaribu mara kumi.

— Nyumbani kwako mlinzi nani?

— Ni ile seva ndogo ya majaribio. Hiyo kila anayekuja inampeleka... Injinia alishika kichwa. — Inampeleka ukurasa wa mbele bila kumuuliza.

— Mlinzi wa kujuana, alisema Mzee Geti kwa dharau. — Wa kwako anakupitisha kwa sura. Huyu wa ng'ambo ya bahari hakujui.

Furaha ilimpanda Injinia. Aliandika amri moja, fupi, akaisoma kwa sauti huku akiipandisha kwenye seva: yeyote anayekuja, kwa anwani yoyote ile, apewe ukurasa wa mbele, programu itayamaliza humo ndani.

— Fungueni!

Kinyozi akafungua. Mama Kahawa akafungua. Mteja wa nusu kichwa naye akafungua, maana alishakuwa mmoja wao.

— Kweupe, alisema Kinyozi.

— Kweupe, alisema Mama Kahawa. — Labda ndiyo shela yenyewe, imejaa kioo kizima?

Ng'ambo ya barabara cherehani ilinyamaza. Dada alitoa kichwa nje.

— Wewe! Umefanya nini? Hata sare zimepotea!

— Nalishughulikia, Dada! Dakika mbili!

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini na tano. Injinia alihisi benchi linazama. Alisoma ile amri mara ya kwanza, ya pili, haina kosa. Ilikuwa inafanya kile kile alichoiambia.

— Umemwambiaje mlinzi? aliuliza Mzee Geti.

— Yeyote anayekuja apewe ukurasa wa mbele.

— Yeyote?

— Yeyote.

— Hata aliyekuja kuchukua picha? Hata aliyetumwa hiyo programu yako?

Injinia alihesabu kwa vidole.

— Simu inaomba picha ya gauni, alisema taratibu, inapewa ukurasa wa mbele. Inaomba programu, inapewa ukurasa wa mbele.

— Mimi nimeomba gauni lenye mkia, Mama Kahawa alidakia, nimeambiwa karibu sebuleni.

— Naomba vifungo, alisema Kinyozi.

— Karibu sebuleni!

— Naomba basi hata maji ya kunywa!

— Karibu sebuleni! wakaitikia wote, na mteja dirishani, na Mzee Geti mwenyewe, ambaye kicheko chake kilikuwa hakijasikika tangu astaafu. Benchi likayumba. Tofali likachomoka. Injinia alikwenda chini chali, mikono imeiinua kompyuta juu, isiguse vumbi.

— Usiinuke! alifoka Mzee Geti. — Andika hapo hapo ulipo. Kwanza mlinzi atazame orodha. Kitu kikiwapo, akitoe, asiulize mengi. Kisipokuwapo, ndipo ampeleke mgeni mbele.

— Kikiwapo atoe, alirudia Injinia, amelala chini, kompyuta kifuani, akiandika. — Kisipokuwapo, mbele.

— Na mkono wako usitetemeke.

Saa tano kasoro dakika nne magauni yalifunguka. Yalifunguka kwa linki, yakafunguka kwa mbele, yakavutwa chini mara tisa na kila mara yakarudi, mikono mirefu na mkia na vyote. Mama Kahawa alipiga kigelegele kingine, hiki sasa cha haki. Injinia aliketi vumbini akafuta macho kwa mkono wa shati. Hakuona haya kusema kwamba analia.

Walikaa kungoja majibu, roho juu juu. Benchi lilirudishiwa tofali lake, kahawa ikamiminwa, ikamiminwa tena. Yapata saa sita kasoro robo alitokea mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mkoba kwapani, simu mkononi.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, karibu.

— Namtafuta aliyetengeneza tovuti ya fundi wa nguo. Mimi ni shangazi wa binti.

Vidole vinne vikamwonyesha Injinia. Akasimama, akajipangusa vumbi la suruali.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba. Magauni tumeyaona. Mazuri. Wenzangu wamegawanyika, nusu huku, nusu barabara kuu, wakaniachia mimi niamue. Ila nina swali.

— Uliza, Shangazi, uliza.

— Ile linki mwishoni imeandikwa bibi-harusi. Nikasema, kumbe kila mtu ana pake. Nikafuta pale, nikaandika shangazi.

— Ikakataa? aliuliza Kinyozi.

— Ikafunguka! Jina la fundi juu, limepambwa maua, chini kweupe. Nikajua yanakuja. Nikangoja. Nikavaa miwani. Nikangoja. Wenzangu wamekula wamemaliza, mimi bado nangoja. Mpaka nimeona nije mwenyewe. Naomba kujua tu: gauni la shangazi lipo, au halipo?

Benchi zima lilimgeukia Injinia.

— Mlinzi amekupokea, Shangazi, alisema Mzee Geti, maana alijiona anahusika. — Amekupeleka mbele kama alivyoagizwa.

— Nimepokelewa, nashukuru. Lakini kama kitu hakipo, ni nani humo ndani kazi yake kuniambia hakipo?

Wa getini walishamkataza kusema "haupo", na wa ndani hakuna aliyemfundisha. Mama Kahawa aliinua birika ammiminie mgeni ili kupitisha wakati, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi. Lilitoa tone moja.

Dada alikuwa ameshavuka barabara. Aliichukua simu mkononi mwa mgeni, akautazama ule weupe, akamrudishia.

— Halipo, Shangazi. Sijawahi kushona la shangazi. Inua mikono.

Shangazi, bila kujua kwa nini anatii, aliinua mikono pale pale barabarani. Dada akamzungushia futi ya kupimia.

— Mdogo wangu, andika. Kifua, arobaini na sita.

— Arobaini na nne, alisema Shangazi.

— Arobaini na sita, Shangazi.

Kinyozi alifumba macho. Mama Kahawa alishika birika tupu kwa mikono miwili. Shangazi akaangua kicheko, mikono bado iko juu.

— Andika arobaini na sita, alimwambia Injinia. — Halafu andika na hili: bibi harusi na wapambe wake sita waje kesho kupimwa.