Uso wa Ndunda kwenye Pakiti ya Unga

Mgeni rasmi, Bi. Wakiuru Mathenge, mkurugenzi wa mradi unaotusaidia kwa vifungashio, chifu wetu, wachungaji, majirani wa Katelembo na wageni mliotoka Mumbuni na Lukenya, mabibi na mabwana,

KARIBU KWETU

Sisi wanawake wa kikundi cha Syana tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua vumbi la kutoka kwenye lami mpaka hapa limekusalimu kabla yetu, na tunaomba radhi kwa niaba yake. Uji uko tayari, na ni wa unga wetu wenyewe.

Anayesoma ni Kasiva, katibu, lakini maneno ni ya sisi sote. Risala tuliyoandika kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Tuliiweka kando baada ya kumsikiliza mwenzetu Kanini, ambaye ndiye mwanzo wa kikundi hiki. Ametupa ruhusa tusimulie yaliyompata. Kusoma mwenyewe amekataa.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, Kanini alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ndunda, ambaye hakufika miaka mitatu. Mwaka huo mavuno yalikuwa haba, na mahindi yaliyokuwa sokoni yalikuwa yamenyeshewa kabla hayajakauka. Kanini alinunua kidogo. Aliona kuvu kwenye punje, akayaosha, akayaanika tena juani, akayapeleka mashineni. Hakujua, wala sisi hatukujua wakati huo, kwamba sumu ya kuvu haitoki kwa kuoshwa.

Macho ya Ndunda yaligeuka ya manjano, tumbo likavimba. Alifia hospitalini akiwa mapajani mwa mama yake. Kanini alikuwa amekula kutoka sufuria ileile. Yeye alipona.

Kwa miaka mingi hakulizungumzia jambo hilo. Siku moja, tukitoka kanisani, alitusimamisha wachache na kusema anataka kusaga unga wa uji wa watoto. "Tusisage kitu ambacho hatungempikia mtoto wetu," alisema. "Hilo tu. Mengine tutajifunza." Maneno hayo ndiyo katiba yetu mpaka leo, na jina letu likatoka hapo, kwa sababu syana kwa Kikamba ni watoto.

NEMBO YETU ILIVYOCHORWA

Unga ulipoanza kupendwa, tuliambiwa hauwezi kuingia madukani bila nembo. Tulimwita Justus, mchoraji wa Mumbuni anayepamba kuta za maduka na vitambaa vya makanisa. Wengine wetu tulitaka suke la wimbi, wengine chungu. Kanini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anataka uso wa Ndunda.

Justus akaomba picha.

"Hakuna picha," Kanini alimjibu. "Hakuwahi kupigwa. Nitakwambia nawe uchore."

Basi wakaketi pale kwenye kivuli cha ghala, Justus na penseli yake, Kanini akiwa amefumba macho. Alieleza paji la uso lililotokeza, mashavu membamba, namna mtoto alivyokuwa akimtazama mtu kwa upande kama aliyeulizwa swali. Justus alichora, akafuta, akachora tena. Sisi tulikuwa tukipepeta mahindi na kujifanya hatutazami. Mwishowe Justus aligeuza karatasi na kumwonyesha.

Kanini alinyoosha kidole kama anayetaka kugusa, akakirudisha.

"Ni yeye," alisema. "Mwangalieni, ni yeye kabisa."

Tulimwona sote. Alikuwa mtoto mwembamba, asiyecheka, mwenye macho ya mtu mzima. Wale waliomjua Ndunda waliitikia kwa kichwa.

Baadaye alikuja mshauri mmoja wa biashara kutoka Nairobi, tuliyeelekezwa na mteja. Aliuchukua ule mchoro, akautazama kwa heshima, wala hatumlaumu. Alisema, "Akina mama, huyu mtoto anaonekana ana njaa. Nani atanunua unga wenye mtoto mwenye njaa?" Akashauri mashavu yajae kidogo na mdomo ucheke.

Justus alimgeukia Kanini, akamwita mama kwa Kikamba. "Unasemaje, mwaitu? Yeye ni wako."

Kanini alifikiri, kisha akasema jambo ambalo tumelikumbuka sana. "Mnenepeshe tu. Angeishi, angenenepa."

Justus alifanya kazi jinsi anavyofanya siku zote, juu ya karatasi ileile. Alifuta mashavu membamba akaweka ya duara. Aliyageuza macho yakatazama mbele. Akachora tabasamu, akapitisha wino, akapeleka mjini kuchapishwa. Hakuna aliyefikiria kuupiga picha mchoro wa kwanza. Tuliona kama kazi ambayo haijaisha, na mtu hapigi picha kazi ambayo haijaisha.

TULIYOFANIKIWA

Mgeni rasmi, hatutaki kuonekana hatuna shukrani. Unga wetu leo unauzwa Machakos mjini, Athi River na hata Yatta. Watu husema dukani, "Nipe ule wa mtoto," na muuzaji anajua. Msimu mmoja mvua ilitushika mahindi yakiwa kwenye turubai, na mnunuzi wa chakula cha mifugo akaja kuyataka vilevile yalivyo. Tuliyachoma moto mbele yake. Kanini ndiye aliyewasha kiberiti, na siku ile tulimwona akitembea kama mwanamke aliyetuliwa mzigo.

YALIYOTUKWAZA

Tungeweza kuanza na mashine inayokwama au barabara. Hayo utayaona mwenyewe. Tunaomba tukueleze lililo zito zaidi.

Kanini alikwenda Yatta kwa dada yake Mutheu, kulikokuwa na ndugu wamekusanyika. Msichana mmoja wa ukoo, aliyezaliwa Ndunda akiwa ameshafariki, alimuuliza, "Mama mkubwa, Ndunda alifanana na nani?" Lilikuwa swali la upendo. Kanini akajibu bila kusita. Alisema alikuwa mtoto wa mashavu ya duara, mcheshi, kila ukimtazama anakutabasamia.

Mutheu alikuwa akimenya viazi. Aliacha.

"Kanini," alisema kwa upole, "Ndunda hakuwa hivyo."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa mwembamba wa uso kama baba yetu. Na hakuwa mtoto wa kucheka ovyo. Umemsahau?"

Kanini alituambia kwamba hapo ndipo alipofumba macho kumtafuta, kama alivyofanya siku ile kwenye kivuli cha ghala. Akamwona yule wa pakiti. Akajaribu kumwona amelala, akajaribu kumwona mgonjwa, akajaribu kumwona akiwa amembeba mgongoni na kugeuza shingo. Kila alipogeuka alikuwa yule wa pakiti, mnene, anacheka. Yule aliyemzaa hakuja.

Alirudi Katelembo akaketi nasi kuchambua mahindi. Alipotusimulia, hakulia. Alisema tu, "Nimemwona yule kila siku, kwenye kila pakiti niliyofunga. Nafikiri amechukua nafasi."

Mmoja wetu alimwambia labda ni uzee, sote tunasahau. Kanini alitikisa kichwa. "Nakumbuka uzito wake. Nakumbuka alivyokuwa akishika sikio langu akinyonya. Uso ndio sina."

Justus aliposikia alifunga kazi aliyokuwa akiifanya kwenye ukuta wa kinyozi, akaja na penseli. Alimwita Mutheu naye aje. Wakaketi palepale. Mutheu alisema uso ulikuwa mwembamba, lakini wembamba wa namna gani hakuweza kueleza. Justus alichora mmoja, akachora wa pili, akajaribu kukumbuka mkono wake ulikwenda wapi mara ya kwanza. Kila mchoro alimwonyesha Kanini, na kila mmoja Kanini aliutazama kwa makini, akauelekeza kwenye mwanga, akasema labda. Kisha akaushika mkono wa Justus, ule wenye penseli.

"Baba, wacha," alimwambia. "Uso wowote utakaonionyesha sasa nitakubali. Usinionyeshe tena."

Justus alikunja karatasi zake. Hajachora uso wa mtu tangu siku hiyo, siku hizi anaandika maneno peke yake. Isipokuwa alituchorea nembo mpya, ambayo ni bakuli la uji lenye mvuke. Kanini aliliona akasema ni zuri, kwa sababu ni bakuli tu.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, la kwanza, tunaomba mradi wako utusaidie kupata kikaushio cha nafaka, ili tusitegemee jua peke yake. La pili, tunaomba kipande cha barabara kitengenezwe kabla ya masika, na kwa hilo tunamtazama pia chifu wetu.

La tatu linahusu bango lililo nyuma yako, lililofunikwa kitambaa, ambalo kwenye ratiba umepangiwa kulifunua. Tunajua mradi wako ulilichapisha kwa wema, likiwa na uso ule, pamoja na pakiti mpya. Tulipopiga simu ofisini kwako tuliambiwa kwamba wanunuzi wanamjua mtoto huyu, na kubadilisha nembo sasa ni kuanza upya. Ni kweli, na tumelizungumza wenyewe kwa wenyewe bila kudanganyana. Huenda tukapoteza wateja. Huenda mtu akafika dukani, akaulizia ule wa mtoto, akaondoka na wa mwingine. Tumekubali.

Tunakuomba usilivute kitambaa hicho. Bango litelemshwe likiwa limefunikwa vivyo hivyo. Ukutani, kando ya mlango, Justus amechora bakuli, na tungefurahi sana kama ungetukatia utepe mbele yake. Pakiti zilizo ghalani, za zamani na hizo mpya, tunaomba ruhusa tuzibandike karatasi juu ya picha. Zile zilizokwisha kutoka, zilizo majumbani na madukani, hatuwezi kuzirudisha, nazo zitaendelea kucheka huko ziliko mpaka unga uishe.

Hatukuombi umrudishie Kanini kilichopotea. Hatujui ofisi inayoshughulikia hilo. Tunaomba tu asiamke kila asubuhi akapita chini ya uso ule akija kazini.

Hayuko hapa mbele nasi. Yuko nyuma ya ghala anakaanga wimbi, kwa sababu wimbi likiachwa linaungua, na kwa sababu hakutaka kuwepo bango likifunuliwa, kama utaamua lifunuliwe. Baada ya hotuba tungependa uende ukamsalimu. Usimpe pole, zimemchosha. Mwite Mama Ndunda, kama tunavyomwita. Kwa jina hilo bado anaitika.

Mungu akulinde uendako na akurudishe kwako salama, awape wanao afya na sahani yao isikose kitu safi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake cha Syana,
Katelembo, Machakos.