Dirisha la Jikoni

Treni ya asubuhi ilipotoka Thika, mama aliyekaa mbele yangu aliona kofia ya mjengo kwa magoti ya jirani yake, imeandikwa Gachau. "Fundi, ni nyinyi mnajenga zile nyumba za bei nafuu pale Ruiru?"

"Ni sisi. Tuko orofa ya nne."

"Mimi naitwa Saida, natoka mtaa wa Landless, hapa Thika. Nimeomba moja. Hebu niambie, dirisha la jikoni liko wapi?"

"Juu kabisa, mama, karibu na dari. Ni la kutoa moshi tu."

Saida alimwangalia kana kwamba ametukanwa. "Lakini kwa mkutano wa maoni nilisimama nikasema tunataka dirisha la kuona nje! Miaka kumi na tisa napika nikiangalia ukuta. Wakaandika, nikiona."

Wanaandikaga. Hata mimi maoni yangu yaliwahi kuandikwa, nikapewa soda nikarudi nyumbani.

"Kwa ramani halikufika," Gachau akasema polepole. "Na hizo nyumba zinapeanwa kwa kura. Hata nikitaka kukusaidia, sijui yako itakuwa gani."

"Basi shusha madirisha yote."

"Mama, nitafutwa kazi!"

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama Ruiru. Gachau akavaa kofia, akafika mlangoni, kisha akageuka. "Hebu simama kidogo."

Saida akasimama wima. Fundi akamtazama, akaweka kiganja kifuani pake mwenyewe kama anayepima, pale macho ya mama yangefika, halafu akashuka.

Treni iliondoka. Saida hakukaa.