Michikichi Katikati ya Mihogo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Mlio Baraka kando ya ziwa, mlio Fizi juu, mlio Mboko, mlio mbali kule Lulimba na Kilembwe, mwenye redio na amfungulie jirani mlango. Jioni hii tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake ni Constance Wabiwa. Narudia: Mama Constance Wabiwa, mzalishaji wa zamani wa maternite, nyumba ya uzazi ya misioni hapa Baraka. Mungu amemwita juma lililopita, mwezi huu wa Machi, mwaka 1959.

Wengi wenu mlipokelewa duniani na mikono yake. Lakini leo sitazungumza sana juu ya kazi yake. Nitazungumza juu ya kile alichofanya kazi ilipokwisha, na juu ya kile alichokikataa.

Mama Constance alizaliwa Mboko, katika familia ya wakulima. Aliolewa na mvuvi. Ziwa lilimchukua mume wake mapema, wakati binti yao Georgette hajaanza kutembea. Akaingia kazini maternite. Alianza kwa kufua mashuka. Masera, yaani watawa wa misioni, wakaona ana mikono tulivu, wakamfundisha kuzalisha. Akapewa nyumba ya matofali kule kambini, nyumba ya wafanyakazi, yenye mlango wa bluu.

Wasikilizaji, nyumba ile ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba inarudi. Kila mtu kambini alijua hivyo, na kila mtu alijifanya hajui.

Kulikuwa na mfuaji mmoja wa mashuka, Mama Marthe. Huyu alistaafu kabla ya Mama Constance. Alitoka kambini na godoro kichwani, akaenda kuishi nyuma ya jiko la mwanawe. Siku moja Mama Constance alikwenda kumsalimu. Akamkuta mzee yule amesimama mlangoni, anamwomba mke wa mwanawe chumvi. Chumvi tu, ya kutia kwenye sombe, majani ya muhogo. Na yule mke akamjibu bila kugeuka, akimwita koko, yaani bibi, "Ngojea kwanza, koko. Ntakupa."

Georgette ameniambia mama yake alirudi nyumbani. Alipiga magoti. Aliomba muda mrefu. Kisha akainuka na kusema, "Mungu wangu, unipe uzee wowote unataka. Lakini usinipe uzee wa kuomba chumvi."

Hapo ndipo alipoanza kupanga. Alikuwa bado na nguvu, bado na kazi, bado na mlango wa bluu. Wenzake walimcheka. "Constance, we unazika kazi yako na bado iko inapumua!" Yeye aliwajibu, "Kaburi banachimba mbele ya mutu kuoza."

Alifanya nini? Alikwenda Mboko kwa mdogo wake Casimir. Casimir ndiye aliyeshika udongo wa marehemu baba yao. Akamwomba mahali pa kulima mihogo. Casimir akakubali bila kufikiri, kwa sababu muhogo si kitu. Mwanamke yeyote hupewa mahali pa muhogo. Anapanda, anang'oa, anaondoka.

Mchikichi ni jambo lingine. Mungazi, kama tunavyosema huku. Ninyi mnajua desturi yetu, lakini niseme kwa ajili ya vijana. Mchikichi unaishi kuliko aliyeupanda. Kwa hiyo anayepanda mchikichi ameshika udongo. Wazee walisema mwanamke hapandi mchikichi, maana mwanamke huolewa kwingine, na kesho wakwe zake wangekuja kudai ardhi. Mwanamke na muhogo, mwanaume na mchikichi. Ndivyo ilivyokuwa.

Mama Constance alipanda mihogo. Na katikati ya mihogo, alipanda michikichi.

Alikuwa akitoka Baraka siku zake za mapumziko, juu ya kamio, lori la mizigo, na kikapu chake kimefunikwa kitambaa cheupe. Ndani ya kikapu mlikuwa na miche. Lakini hamkuwa na miche peke yake. Mama aliyetoka mbali kujifungua alikaa maternite mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Na kitovu, wasikilizaji wapendwa, hakitupwi. Kinarudi nyumbani, kinazikwa penye mmea unaokua. Basi mama wa Mboko ambaye bado ni dhaifu alimwambia, "Mama Constance, unaenda kwetu, unipelekeye." Naye alipeleka. Kila kitovu cha mtoto wa ukoo wake alikizika chini ya mche wa mchikichi.

Hakuna mwanaume aliyefunua kikapu kile. Kikapu cha mzalishaji mwanaume hafunui. Siku moja Casimir mwenyewe alimkuta barabarani anashuka kwenye kamio, akambebea mpaka shambani, akimwita yaya kama mtu anavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, kikapu ni kizito hivi, umetia nini?"

"Bitu ya bamama."

"Ah! Sikuuliza!" Casimir akaongeza mwendo kama mtu aliyebeba nyuki.

Wanawake wa ukoo walijua. Walipita pale kuchuma sombe, waliona. Wanaume hawakujua, kwa sababu mwanaume hapalilii mihogo.

Mwaka 1953 Mama Constance alistaafu. Macho yalianza kumsumbua. Kanisani walimwombea, masera walimpa kitenge kizuri, akarudisha ufunguo wa mlango wa bluu. Akaenda Mboko, akajenga kijumba cha udongo ukingoni mwa uwanja wa Casimir.

Msidhani ilikuwa rahisi. Kupanga ni jambo moja, kuzoea ni jingine. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anavaa, anafunga kitambaa cha kichwa, halafu anasimama katikati ya nyumba hajui aende wapi. Mikono ilimuuma kwa kukosa kazi. Alizoea kuchemsha vyombo vya maternite, basi akachemsha vyake. Kila asubuhi sufuria kubwa iko motoni: vijiko, visu, vikombe. Mke wa Casimir, Mama Émilienne, alimfanyia mzaha sana.

"Yaya Constance, vijiko hivi vitaiva saa ngapi? Tulete bukari tule navyo?"

"We cheka. Hakuna kijiko changu kitaua mutu."

Mama Émilienne amenieleza kwamba siku nyingine alimkuta analia karibu na sufuria ile. Alimwambia, "Nilikuwa mutu wa kuitwa. Sasa hakuna mwenye kuniita." Lakini hakulia mbele ya wanaume. Na kila asubuhi aliamka tena, akasali, akaenda shambani.

Kisha mihogo ya mwisho ikakomaa, ikang'olewa. Na ilipong'olewa, michikichi ikabaki imesimama. Imara, mirefu kuliko mtu, mingine tayari ina mikungu ya kwanza.

Casimir alifika akashika kiuno.

"Yaya, hii ni nini?"

"Ni mingazi."

"Naona ni mingazi! Nani alipanda?"

"Mi."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Nani alininyima? We mwenyewe ulibeba kikapu."

Hapo Casimir alishikwa na hasira. Akapeleka habari lubunga. Lubunga, kwa mgeni asiyejua, ni nyumba ya wanaume, wanapokula pamoja na kuamua mambo ya ukoo. Mwanamke haketi ndani. Mama Constance alisimama nje, penye mlango, jua likimpiga kichwani.

Mzee wa ukoo alikuwa Mzee Alimasi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, "Binti yangu, jambo hili ni jepesi. Sema tu kwamba mingazi ni ya mudogo wako. Yeye atakata, yeye atakamua mawese, na we atakulisha. Hautakosa kitu."

Wasikilizaji wapendwa, fikirini. Kusema neno moja tu, na amani irudi. Wengi wetu tungesema. Mama Constance alikumbuka mlango wa jiko na mzee anayengojea chumvi.

"Hapana," alisema. "Sijafanya kazi miaka yote ile nikuje kulishwa. Nilipanda, nitakata. Mukono wangu ungali na nguvu."

"Na ukikufa?"

"Nikikufa mutazungumza na Mungu. Leo niko muzima."

Wanaume wakanung'unika. Casimir akasema michikichi ikatwe. Ndipo mmoja wao, kijana aliyeoa karibuni, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli wanavyosema wanawake, kwamba chini ya kila mti kuna kitovu cha mtoto.

"Ni kweli," alisema Mama Constance.

Mzee Alimasi akaegemea mbele. "Constance. Tukikata mingazi ile, batoto batakufa?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Angeweza kusema ndiyo. Ndiyo moja tu, na hakuna mwanaume wa Mboko ambaye angegusa jani. Wengine walimtazamia aseme hivyo, hata waliompinga, ili mambo yaishe. Lakini yeye alikuwa mtu wa sala. Alisema, "Hapana. Batoto biko mukononi mwa Mungu. Sitadanganya juu ya mutoto, hata kwa mingazi yangu."

"Basi tutakata," akasema Casimir.

"Mukate. Ila muite bamama zao kwanza. Mukate wakiwa wanaona."

Asubuhi iliyofuata Casimir alifika na panga. Wanaume wengine walimfuata, si wote. Shambani walikuta wanawake. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Kila mama alisimama penye mti wake. Mmoja alikuwa ananyonyesha. Mama Émilienne alisimama penye mchikichi wa kwanza, ule mkubwa kuliko yote.

"Toka hapo," Casimir akamwambia mke wake.

"Baba Fabien, huu ni wa Fabien. We ndio ulinituma Baraka kumuzaa. Anza hapa, wengine bataona namna ya kukata."

"Mi nakata muti. Sikati mutoto."

"Najua. Kata. Tunaangalia."

Casimir ameniambia mwenyewe, juma hili, tukiwa tumekaa kwake Mboko: "Mupanga ulikuwa mwepesi. Macho ndio yalikuwa mazito. Nilitazama nyuma niite wenzangu. Wenzangu walikuwa wanaangalia ziwa."

Alirudi nyumbani. Siku zilipita, Mzee Alimasi akatuma neno: michikichi ibaki, na aliyeipanda akate. Hakusema mwanamke ana haki. Hakusema desturi imebadilika. Alisema ibaki. Mama Constance aliposikia alisema, "Inatosha." Akaazima ngazi.

Tangu siku ile hakuomba chumvi kwa mtu. Nasema tena: hakuomba chumvi kwa mtu. Alikodi kijana wa kukwea miti, lakini mikungu aliichagua yeye kwa kugusa, macho yalipokuwa yamefifia. Alikwenda kumchukua Mama Marthe kutoka nyuma ya lile jiko, wakakamua mawese pamoja na kugombana juu ya kila kitu. Na ile tabia yake ya kuchemsha ilipata kazi. Mama Saumu, mfanyabiashara wa mafuta hapa sokoni Baraka, aliniambia: "Watu walikuwa wanauliza, yako wapi mawese ya muzalishaji? Kwa sababu chupa zake alizichemsha kwanza. Nilimwambia, Mama Constance, we unauza mafuta ama dawa? Akasema, nunua, unyamaze."

Aliwasumbua pia wafanyakazi wa kambini. Alipokuja Baraka alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Umepanda nini? Nyumba hii si yako. Umepanda nini?" Wengine walijificha walipomwona. Wengine walipanda.

Juma lililopita, baada ya siku ya kukamua, alijilaza mchana. Hakuamka. Mama Marthe ndiye aliyemkuta. Mikono yake ilikuwa bado myekundu kwa mawese.

Tulimzika Mboko. Kaburini kulikuwa na minong'ono. Sasa je? Mwenye michikichi amekufa, binti ameolewa kwingine. Ndipo Casimir akatoka mbele. Casimir yuleyule. Alivua kofia yake, akasema: "Mingazi ya yaya wangu ni ya Georgette. Atakata kwa mukono wake. Mwenye neno, alitoe sasa, mi ningali nimesimama."

Tulisikia mvua tu. Hakuna aliyetoa neno.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wanaosikiliza, tunasema pole. Pole binti Georgette na watoto wako. Pole Bwana Casimir na Mama Émilienne. Pole nyingi Mama Marthe, ambaye jioni hii hana wa kugombana naye. Mungu amfariji kila mmoja wenu. Na ampokee mtumishi wake Constance, ambaye hakusema uongo hata uongo ulipokuwa na faida.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa ndani ya nyumba ya kazi, nyumba yenye ufunguo ambao si wako, usizime redio kwanza. Usiseme ungali kijana. Usiseme desturi hairuhusu, kabla hujamwuliza mama yako. Usiku huu piga magoti, umweleze Mungu unaogopa nini. Kesho ni Jumamosi. Mvua imenyesha, udongo ni laini. Ukimaliza kusali, shika jembe, nenda ukapande.