Jina Alilolilia Mtoto

Ndugu zangu wa Ndhiwa, akina mama wa chama, na nyinyi wageni wetu Wakuria kutoka upande wa mpaka, hamjambo? Mwenyekiti amenipa nafasi na amenionya nisiwe mrefu. Tutaona. Nitasema Kiswahili ili kila mtu asikie, na mahali kitanishinda mnivumilie, kwa sababu Kiswahili changu ni cha kuuza nyanya soko la Rongo. Majina ya watu sitataja hata moja. Hata jina ambalo ndilo habari yenyewe sitalitaja, na mtajua sababu.

Kwetu kuna bonde dogo chini ya kilima, na ndani ya bonde kuna chemchemi. Mama mkwe wangu ndiye aliifukua, mwaka wa njaa, kwa jembe na kwa mikono yake, na watu wakaizoea kwa jina lake. Yeye alituacha zamani. Jina lilibaki pale majini, na kila asubuhi sisi wanawake tulilitaja tukipita na mitungi, bila kufikiria, vile mtu anavyosema anaenda kwa jirani.

Halafu likaja shamba la nguruwe. Walinunua kilima chote kilicho juu yetu, wakajenga mabanda marefu ya mabati ambayo jua likipiga huwezi kuyatazama. Mwanzoni tulifurahi, tukasema vijana watapata kazi, na wengine walipata, siwadanganyi. Lakini uchafu wa wanyama wote hao waliuchimbia bwawa huko huko juu, na mvua kubwa ilipoanza, bwawa likateremka kwetu. Maji yakafanya povu la kijivu. Vyura wakanyamaza. Nguo ulikuwa unafua na inarudi nyumbani ikinuka kuliko ulivyoitoa.

Tulienda kwa chifu. Tukaenda kwa watu wa mazingira, wakaandika, wakaenda zao. Mwisho tukaenda wenyewe hadi kwa geti, wanawake na mtungi mmoja wa yale maji. Meneja alitoka, kijana mpole, ana heshima zake. Nikamwambia, "Mwanangu, onja tu kidogo." Akauangalia mtungi, akaniangalia, akasema, "Mama, mimi hunywa ya chupa." Mnacheka. Sisi pia tulicheka njia nzima, mpaka samansi zilipofika.

Ndugu zangu, nawaambia, wao walichafua maji na sisi tukashtakiwa kuchafua jina lao. Wakadai fidia ambayo hata tukiuza boma na kuku na paka haifiki. Na pamoja na samansi kulikuwa na amri ya korti: hadi kesi isikizwe, tusitangaze neno lolote kuhusu shamba hilo wala kuhusu chemchemi. Na chemchemi ilikuwa imeandikwa pale kwa jina lake. Kijana aliyetusomea alipofika pale, mimi nilisikia mama mkwe wangu anakatazwa kutajwa na serikali.

Sasa sikieni kosa letu, kwa sababu nataka nyinyi msilifanye. Hatukuuliza mtu yeyote anayejua sheria. Tulikaa wenyewe nyuma ya jikoni tukaielewa ile amri kwa woga wetu, na woga haujui kusoma. Tukaacha kulitaja jina. Tukawa tunasema "kule chini". Nguruwe tukawaita "wale wa juu". Wengine wakaona hata kusimama kwa barabara na kusalimiana ni hatari, wakawa wanapita wakiangalia miguu, wanaenda kuchota mtoni, mbali. Na tukakubaliana kwamba siku ya kesi tutanyamaza huko pia, maana tumekatazwa kusema. Nyumba zetu zote zilikuwa kwa mizani, na sisi tumeamua kwenda kuzipoteza tukiwa kimya.

Mimi ule ukimya uliniingia mwilini. Nilikuwa natembea lakini sipo. Nilikuwa nachambua mboga na kusikia maji yanatiririka karibu na sikio, nageuka, hakuna kitu. Na nikiketi tu mchana chini ya paa la jikoni, naota. Ndoto ilikuwa moja. Mama mkwe ameketi ukingoni mwa chemchemi, miguu iko ndani ya maji, na maji ni safi mpaka unaona mchanga ukicheza chini. Anaokota majani kwa kibuyu, moja moja, hana haraka. Mimi nasimama ng'ambo, nataka kumsalimu. Nikifungua mdomo, linatoka jani. Linaanguka majini, naye analiokota kama yale mengine, bila kuniangalia. Naamka mboga ziko mapajani na moto umezima.

Wakati huo huo mke wa mwanangu akajifungua. Msichana. Na yule mtoto akaanza kulia. Sisemi kulia kwa njaa, nimelea, najua. Ananyonya kidogo anaacha, analia hadi anakuwa mwekundu, analala kidogo, anaamka anaendelea. Tulimpeleka zahanati, wakampima kila mahali, wakasema mtoto ni mzima. Lakini alikuwa anapungua machoni petu.

Wajaluo walio hapa wameshaelewa. Kwa wageni wetu nieleze: kwetu mtoto akilia hivyo, anatafuta jina. Kuna mtu aliyetangulia anataka kukumbukwa, na mtu huyo atamjia mmoja wa nyumbani kwa ndoto. Aliyeota anasema, mtoto anaitwa lile jina, ananyamaza. Wachungaji mnanitazama. Mnisamehe, lakini na nyinyi mna majina ya dani zenu, yaani nyanya zenu.

Mke wa mwanangu alinijia siku moja baada ya chakula cha mchana, mtoto begani, macho yake yamevimba kwa kukosa usingizi. Akaniuliza taratibu, "Mama, umeota. Naona kwa uso wako. Ni nani amekuja?"

Nikainama nikachochea moto. Nilikuwa namjua aliyekuja tangu siku ya kwanza. Lakini kumwita mtoto jina hilo ni kulitaja kila siku, kwa sauti, uani, barabarani, watu wote wasikie. Niliona askari wanakuja kumchukua mtoto mchanga kwa sababu ya jina. Ndiyo, nilifikiria hivyo, mimi mtu mzima.

Yeye akaanza kujaribu peke yake. Akaketi kwa mkeka, akaita majina ya shangazi, ya nyanya yake wa kule Oyugis, ya dada yake aliyekufa mdogo. Anaita, anangoja, mtoto analia. Akaita mpaka sauti yake mwenyewe ikawa inalia. Akaniangalia, akasema, "Mama, yamebaki mangapi?"

Lilikuwa limebaki moja, na lilikuwa kwa mdomo wangu.

Niliinuka nikamchukua yule mtoto. Sikumbuki kutoka uani, nakumbuka tu niko kwa barabara na jua ni kali na kila kitu kimekaa mbali kidogo. Wanawake walikuwa wanatoka mtoni na mitungi kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, wanaangalia miguu. Nikafungua mdomo. Nilijua jani litatoka. Likatoka jina. Nikamwita mtoto kwa jina la mama mkwe wangu, kwa sauti yote niliyokuwa nimeificha miezi hiyo, na nikaita tena.

Mtoto akanyamaza. Mama mmoja akateremsha mtungi wake pole pole, akasema, "Umemwita nani?"

"Nimemwita mjukuu wangu," nikamwambia.

Akanikaribia, akamfunua mtoto uso, naye akaliita. Halafu wa pili. Walipanga foleni pale barabarani kulitaja lile jina, mmoja alikuwa analia na mwingine anacheka, na mtoto akalala katikati yao. Mimi nililia pia. Nililia kwa furaha na kwa aibu ya kuogopa muda mrefu vile.

Siku hiyo hakuna aliyekwenda kwake. Walibaki kwangu, tukapika uji wa jina, na kwa mara ya kwanza tukaongea habari ya kesi. Kumbe kuongea kunaleta njia. Mmoja alikuwa na binamu anayefanya kazi kwa ofisi ya loya Homa Bay, na kabla ya uji kuisha amempigia. Yule loya alikuja, mwanamke kijana wa umri wa binti yangu. Akaisoma amri mara mbili, akaivua miwani. "Mama zangu," akasema, "mmekatazwa kutangaza huko nje. Kumwambia hakimu hamjakatazwa. Mkinyamaza kule ndani, ndipo mmepotea."

Basi tukaenda kortini, tukasema. Wakili wao aliniuliza, "Hii chemchemi haipo kwa ramani yoyote. Hilo jina mlilitoa wapi?" Nikageuka nikamwonyesha mke wa mwanangu aliyeketi nyuma na mtoto. Nikasema, "Ni jina la aliyeifukua. Na sasa ni la huyu. Akikua anatakiwa ayanywe hayo maji." Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema atakuja aone mwenyewe, na alikuja. Alisimama pale bondeni na leso puani.

Kesi ilitupwa. Bwawa likaamriwa lifungwe hadi litengenezwe vizuri. Wao wamekata rufaa, kwa hiyo msidhani tumemaliza, bado tunaitwa. Maji yanarudi polepole. Ya kunywa bado tunaenda mtoni. Lakini mvua iliyopita vyura walilia usiku kucha, na kijiji kizima kiliamka kikakaa macho kikisikiliza.

Nawashukuru wale wanawake walioshusha mitungi. Namshukuru yule loya, ambaye tulimlipa kwa nyanya na kuku akakubali bila kukunja uso. Mke wa mwanangu namshukuru kwa kuita majina mpaka sauti ikaisha. Na mama mkwe wangu, ambaye hajaja tena. Nadhani amemaliza kuokota majani.

Nasikia na hapa kwenu kuna watu wanapima kilima. Karatasi ikija, tafuteni mtu wa kuwasomea hadi mwisho kabla hamjaanza kuogopa. Na msiache kuongea nyinyi kwa nyinyi, hata siku moja.

Sasa, lile jina. Nimesema sitalitaja, na sio woga tena. Yule msichana mdogo pale mlangoni, mwenye gauni la kijani, anayemsumbua mama wa chai, ndiye huyo. Sasa anaongea vizuri. Mkitoka, mpeni mkono, mumuulize anaitwa nani. Atawaambia kwa sauti kubwa, na hakuna mtu duniani aliyemkataza.